Chanzo cha Tatizo

Watafiti wa chuo kile walimwita Dada Tiketi, na yeye alijitia hamnazo kama hajui. Ukimpigia simu, kabla hujamaliza salamu anakuuliza: "Una namba ya tiketi?" Ukimvizia kantini kijiko kikiwa mdomoni, atatafuna taratibu, atameza, atafuta midomo, kisha atakuuliza swali lile lile. Profesa mmoja wa fizikia, mtu aliyezoea kufunguliwa milango, aliwahi kurudishwa kutoka kaunta hadi ofisini kwake, ghorofa ya tatu, akaandike tiketi ya kuomba abadilishiwe neno la siri. Aliandika. Alitumia maneno makali, lakini aliandika.

Wala haukuwa ukorofi. Kituo cha kompyuta kuu kilikuwa na watafiti mia nne na ushee, na wahudumu watatu wa kuwasaidia. Kabla yeye hajaajiriwa, shida zililetwa kwenye ngazi, kwenye maegesho, hata mlangoni pa choo, na nusu yake zilipotea hapo hapo zilipotamkwa. Dada Tiketi ndiye aliyetengeneza fomu. Ndiye aliyebandika mlangoni karatasi yenye herufi nene: OMBI LISILO NA TIKETI HALITASHUGHULIKIWA. Mwaka wa kwanza walimnung'unikia, mwaka wa pili wakazoea, na mwaka wa tatu wakaanza kuwasimulia wageni kwa fahari kwamba kituo chao kina utaratibu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa chumba kizima cha chini, makabati marefu yaliyojaa mashine, na feni zinazounguruma kutwa kucha. Mtafiti alituma kazi yake, kazi ikakaa foleni, na zamu yake ilipofika ikaanza kusagwa, siku mbili, wiki, mwezi. Matokeo yalimwagwa mahali palipoitwa Uwanja. Uwanja ulikuwa mkubwa sana, ila haukuwa mahali pa kulala: faili lisiloguswa kwa siku sitini lilifutwa, ili wengine nao wapate nafasi. Kazi hiyo ya kufuta ilifanywa na programu waliyoibatiza Fagio, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nne kamili asubuhi. Lililopitiwa na Fagio halikurudi. Njia ya kunusurika ilikuwa moja, jina lako liandikwe kwenye orodha ya wasioguswa, na orodha hiyo aliishika Dada Tiketi.

Mwezi ule Fagio lilipita Jumatatu. Bwana Mchanga alikuja Jumatano.

Walimwita hivyo kwa sababu ya utafiti wake. Alikuwa akikokotoa jinsi mchanga unavyosafiri mtoni, chembe kwa chembe, mpaka unapolijaza tope bwawa la maji la watu. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na minne, mkubwa kuliko wanafunzi wote wa uzamivu pale, mwalimu wa chuo cha ualimu aliyepewa ruhusa ya kwenda masomoni na kuongezewa muda mara tatu. Mara ya nne aliambiwa wazi kwamba hakuna ya tano. Asipowasilisha tasnifu mwisho wa muhula, arudi darasani kufundisha, na miaka yake sita imekwenda na maji.

"Habari za siku, dada," alisema, akiweka begi lake juu ya kaunta.

"Nzuri, kaka. Umepotea."

"Nilikuwa nyumbani. Mama amefariki. Tumemzika wiki mbili zilizopita."

"Pole sana, kaka. Pole sana."

"Nimeshapoa." Akakunjua na kukunja ukanda wa begi. "Sasa leo nimeingia Uwanjani, sioni kitu. Nikasema labda nimekosea njia. Nimejaribu tena na tena. Hakuna."

Hapo ndipo Dada Tiketi alipokumbuka, na alikumbuka yote kwa mkupuo, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Ilikuwa wiki tisa nyuma. Alikuwa anatoka chumba cha mashine, amekumbatia katoni ya diski, mlango umejifunga nusu nyuma yake na feni zinaunguruma. Bwana Mchanga alikuwa amesimama kwenye korido, begi la safari begani. Alimwambia mama yake ni mgonjwa, anakwenda kumuuguza, huko hakuna mtandao wa maana, na matokeo yake ya mwaka mzima yako Uwanjani kwa kuwa ni makubwa mno kuhamishika kwa siku moja. Akauliza: "Nirudi ndani nikuandikie tiketi?" Na yeye, Dada Tiketi, mama wa fomu, alimwangalia yule mtu na begi lake, huruma ikamwingia, akasema: "Acha, kaka. Wahi gari. Nitaandika mimi."

Dakika ishirini baadaye mtambo wa kupoozea chumba ulizima. Yeye na wenzake walihangaika nao mpaka jioni, wamevua viatu, wanapangusa maji sakafuni kwa magunia. Ile ahadi hakuikumbuka tena, si siku ile wala siku sitini zilizofuata.

"Labda sikueleza vizuri siku ile," Bwana Mchanga alikuwa akiendelea. "Na palikuwa na kelele za feni. Labda hukunisikia."

Dada Tiketi alifungua mdomo. Alikusudia kusema alisikia. Alikusudia, na hilo nalisema kwa ajili yake kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Lakini mdomo una mazoea yake, na kilichotoka ni kile kile kilichotoka kwa miaka minane.

"Una namba ya tiketi?"

Bwana Mchanga alimtazama.

"Sina."

"Basi andika, kaka. Tutaangalia."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua begi lake, akaenda kukaa kwenye kompyuta ya wageni pale pembeni. Aliandika kwa vidole viwili, polepole. Aliaga na kuondoka. Tiketi ilipoingia, Dada Tiketi aliifungua.

Fomu ilikuwa na swali lililosema: Chanzo cha tatizo. Chini yake visanduku vinne vya kuchagua: Mtumiaji, Programu, Mtambo, Umeme. Bwana Mchanga alikuwa ameweka alama kwenye Mtumiaji. Kwenye maelezo aliandika: "Niliondoka bila kufuata utaratibu. Kosa ni langu. Kama kuna namna yoyote ya kusaidiwa, nitashukuru."

Dada Tiketi alimpa tiketi ile mwenzake waliyemwita Nyaya, fundi wa mashine, kijeba mfupi asiyekosa bisibisi mfukoni. Nyaya alichimba Uwanja mchana kutwa. Jioni alirudi akipangusa mikono kwenye suruali.

"Fagio limefanya kazi yake," alisema. "Nafasi ile imeshaandikwa juu na watu wa hali ya hewa. Mafaili ya kuanzia anayo, yako salama ghalani, kusikopitiwa na Fagio. Anaweza kuirudia kazi yote upya. Lakini hiyo ni siku thelathini na moja za kusaga, na mgao wake wa saa za mwaka ameumaliza."

"Akiingia foleni kama kawaida?"

"Bila mgao? Atasubiri mpaka mwaka mpya. Wewe ndiye unayeijua foleni, unaniuliza mimi?"

Ilibaki Akiba. Hiyo ilikuwa ni saa za mtambo alizozishika Mkuu wa kituo mwenyewe, za kumfidia mtafiti aliyepotezewa kazi yake na kituo. Umeme ukikatika kazi ikafa, Akiba inalipa. Diski ikiungua, Akiba inalipa. Mtu akizembea mwenyewe, Akiba haimhusu, na kanuni hiyo aliiandika Dada Tiketi kwa mkono wake, akaipigia mstari.

Alhamisi alimpelekea Mkuu jambo hilo. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi, si mbaya, ila alipenda mambo yaliyokwisha.

"Alikuwa na tiketi kabla ya kuondoka?" aliuliza.

"Hakuwa nayo."

"Na hapa amekiri mwenyewe kwamba kosa ni lake. Inasikitisha, amefiwa, nitamwandikia barua ya pole. Lakini nikimpa huyu, kesho watajipanga hapa hamsini." Akavuta bahasha iliyokuwa chini ya kikombe. "Jumatatu mchana tunafunga maombi ya Akiba ya muhula huu. Hili nimeliweka pamoja na yaliyokataliwa. Halafu kuna lako. Ombi la mkataba wako mpya wa miaka mitatu naliwekea saini Jumatatu hiyo hiyo. Unataka kusikia nilichoandika?"

Hakutaka, lakini alisomewa. Mkuu aliweka miwani, akasoma kwamba katika miaka minane, kati ya tiketi elfu kumi na moja, hakuna hata moja ambayo chanzo chake kilikuwa uzembe wa wahudumu.

"Hizo ni takwimu za fomu yako mwenyewe," alisema, ametabasamu. "Elfu kumi na moja. Hata moja."

Dada Tiketi alishukuru, akatoka, akasimama kwenye korido pale pale alipowahi kusimama na katoni yake. Bila shaka hakuna hata moja. Ingetoka wapi, na yeye aliyetengeneza visanduku alitengeneza vinne? Mtumiaji anakosea, programu inakosea, mtambo unakosea, mpaka umeme unakosea. Wahudumu hawakutengewa nafasi ya kukosea. Hakuwa amefanya kwa hila. Siku ile alipokuwa anaitengeneza, halikumjia tu akilini.

Ijumaa alifanya kazi macho makavu.

Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani akipiga pasi sare za watoto. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu mwanzo wa mwaka, alitoka bafuni na taulo kichwani.

"Mkwe wangu," alisema, "lile komeo la mlango wa bafu vipi?"

"Komeo gani, mama?"

"Komeo lililong'oka. Nilikwambia, ukasema utaleta jingine."

"Lini, mama? Mbona sikumbuki."

"Ulikuwa unafua. Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka. Wiki ya tatu hii naoga huku naimba, ili watu wajue ndani kuna mtu. Nyimbo zenyewe zimeniishia."

Mume wake, aliyekuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, aliinua kichwa. Utani wa tiketi ulikuwa chakula cha kila siku mle ndani. Watoto wakiomba chumvi waliulizwa tiketi, na mama yao akichelewa kurudi aliulizwa tiketi.

"Mama naye," alisema. "Hivyo uliandika tiketi?"

Watoto waliangua kicheko. Mama mkwe hakucheka.

"Tiketi ya nini? Si aliniitikia kwa kinywa chake."

Alisema bila hasira, akaenda zake chumbani kujipaka mafuta. Dada Tiketi alibaki na pasi mkononi mpaka mume wake alipomwambia kuna harufu ya kuungua. Kola ya sare ilikuwa imepata baka la kahawia lenye umbo la pasi. Alilitazama, machozi yakamlengalenga, na haikuwa kwa sababu ya kola.

"Kuna nini?" mume wake aliuliza, sasa hana utani.

Alimweleza yote, kuanzia katoni mpaka bahasha ya Mkuu. Mume alisikiliza, kalamu nyekundu imesimama hewani.

"Na yeye hajasema kwamba ulimwahidi?"

"Hajasema. Amesema labda sikusikia."

"Kwa hiyo amekuachia mlango wazi."

"Ndiyo. Na mimi nikatoka."

Mume hakumwambia la kufanya. Alikuwa anamjua. Alisema tu kwamba mkataba wowote utakaotoka, nyumba itakula, kisha akarudi kwenye madaftari yake. Mchana huo Dada Tiketi alikwenda dukani akanunua komeo, akarudi akalipigilia mwenyewe, kombo kidogo, lakini likafunga.

Jumatatu alifika kazini saa moja na nusu, kabla ya Nyaya. Alikaa, akafungua ile fomu, si kwa upande wanaouona watafiti bali kwa upande wa nyuma, anapoingia yeye peke yake. Alikwenda kwenye swali la Chanzo cha tatizo. Chini ya Umeme akaongeza kisanduku cha tano, akaandika: Mhudumu. Kazi yenyewe ilimchukua dakika moja na nusu. Miaka minane na dakika moja na nusu.

Halafu akafungua tiketi mpya kwa jina lake. Akaweka alama kwenye kisanduku cha tano, na kwenye maelezo akaandika hivi:

"Mtafiti wa mchanga aliniomba kwa mdomo, kwenye korido, niweke mafaili yake kwenye orodha ya wasioguswa. Alitaka kuandika tiketi, nikamzuia mimi, nikamwambia nitaandika. Nilimsikia vizuri. Nilisahau. Aliporudi nilimwacha ajilaumu mwenyewe. Hasara hii imesababishwa na kituo, na kwa kanuni ya Akiba anastahili kufidiwa saa zake zote, tena kabla ya wengine."

Aliisoma mara mbili. Alirekebisha koma. Akaituma kwa Mkuu, akainuka kwenda kunawa uso.

Mkuu alimwita saa tatu. Chai ilikuwa mezani, haijaguswa.

"Unajua maana ya hiki ulichoandika?"

"Najua."

"Yule bwana ameshaandika kwamba kosa ni lake. Lilikuwa limekwisha."

"Ameandika hivyo kwa sababu nilimwacha aandike."

Mkuu alivua miwani, akafinya pua yake pale katikati ya macho.

"Saa zake atapata," alisema hatimaye. "Kanuni ni kanuni, na ni yako. Ila ile sentensi niliyokusomea siwezi kuiacha ibaki, na bila ile sentensi miaka mitatu sina pa kuitetea. Nitaomba mmoja. Tutaonana tena mwakani."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Nimekasirika." Akavuta kikombe chake. "Na hicho kisanduku kiache hapo hapo kilipo."

Alirudi kaunta. Mwaka mmoja. Aliona uchungu, kweli, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuihesabu ile mitatu kwa ada za watoto na paa la jikoni. Alimweleza Nyaya, kwa kuwa angeiona tiketi hata hivyo. Nyaya alipiga mluzi, akazungusha bisibisi yake. Lakini kabla ya chakula cha mchana kulikuwa na tiketi mbili mpya kwenye kisanduku cha tano, zote za kwake, moja ya waya aliouchomoa kimakosa miezi mitano nyuma na kuusingizia umeme.

Kazi ya Bwana Mchanga ilianza kusagwa Jumatano, saa mbili asubuhi, mbele ya foleni nzima. Siku thelathini na moja zingemfikisha katikati ya mwezi unaofuata, na zingembakizia wiki tano za kuandika. Wiki tano zilimtosha mtu aliyekwisha kuandika sura nne. Saa tano alikuja kaunta. Alikuwa na begi lile lile.

"Nimeona inatembea," alisema. "Asante."

"Usinishukuru, kaka." Dada Tiketi alikuwa amejiandaa tangu Jumatatu, akasema kabla mdomo haujapata nafasi ya kufanya mazoea yake. "Siku ile ya korido nilikusikia. Nilisikia kila neno. Nikasahau, na uliporudi nikaogopa kusema. Naomba unisamehe."

"Najua ulinisikia."

"Unajua?"

"Uliniuliza mama anaumwa nini. Nikakwambia figo, ukasema pole, na shangazi yako naye aliumwa figo. Mtu asiyesikia hawezi kuuliza hivyo."

Dada Tiketi hakuwa na kumbukumbu kabisa ya kumtaja shangazi yake. Alishika ukingo wa kaunta.

"Sasa mbona uliandika kosa ni lako?"

Bwana Mchanga alikunja ule ukanda wa begi.

"Nilikuwa nimechoka, dada. Nimetoka kuzika. Nilijua nikianza kubishana na mtu siku ile, nitalia hapa kaunta mbele ya vijana. Halafu uliponiuliza namba ya tiketi, nilikutazama usoni, nikaona umeogopa kuliko mimi."

Chini yao feni zilikuwa zinaunguruma, na ukisimama pale vizuri, kwa kweli hazikuwa na kelele kiasi hicho.

"Nina ombi moja dogo," Bwana Mchanga alisema. "Matokeo yatakapokuwa yanatoka nitahitaji nafasi ghalani ya kuyahamishia, kidogo kidogo. Lakini usijali, nakwenda kuandika tiketi."

"Kaa hapo," alisema Dada Tiketi.

Aligeuza skrini yake upande wa kaunta, waione wote wawili, akafungua fomu mpya. Bwana Mchanga alivuta stuli. Yeye alitaja anachohitaji na mpaka lini, Dada Tiketi akaandika, na pale chini, palipoulizwa nani atashughulikia, akaandika jina lake kamili na tarehe, kisha akamsomea tangu mwanzo kabla ya kutuma.